Blanketi Nililolificha

Habari zilifika Iringa na dereva wa lori. Nilikuwa nimekwenda sokoni kutafuta chumvi, nikamkuta amezungukwa na watu, anasimulia huku anakula muhogo. Alisema kule Mbeya, milimani juu ya Ilomba, mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika, na Jumapili asubuhi mlima ukakatika. Udongo ulishuka na kufunika nyumba, watu wakiwa ndani wanajiandaa kwenda kanisani.

Nikamwuliza, "Upande upi?"

"Upande wa kwenye mashamba ya pareto. Wewe mama kwenu ni huko?"

Kwetu ni huko. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, lakini dada yangu mkubwa, aliyenilea, aliolewa upande uleule wa mlima. Alikuwa na mume na watoto wawili. Mimi nilikuwa nimeolewa na fundi seremala aliyepata kazi Iringa, tukapanga vyumba viwili Mlandege. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na barabara ya Mbeya wakati wa masika ilikuwa tope tu. Huwezi kuamka ukasema unakwenda. Unangoja lori, na lori nalo linangoja mzigo.

Mume wangu alinipeleka kwa mchungaji wetu jioni ileile. Mke wa mchungaji, mama mnene aliyezoea kuamrisha watu bila kupaza sauti, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tusiende kulia tu, twende na kitu. Kesho yake ibadani ilitangazwa kwamba kila mtu alete alicho nacho. Alikuwepo muumini mwenye lori ambaye angelitoa bure mzigo ukitimia. Mama mchungaji angefuatana na mzigo, na mimi ningekwenda naye kwa kuwa ninajua Kisafwa.

Kwa siku tatu tulikaa kwenye baraza la kanisa tukipokea vitu. Siku hizo tatu sitazisahau, maana mwili wangu ulikuwa Iringa lakini roho ilikuwa inachimba udongo. Watu walitoa sana. Majirani zetu Waislamu wa Mlandege walileta unga na nguo za watoto. Kutoka misheni ya Tosamaganga walileta maharage gunia moja, sabuni na bandeji. Lakini vilikuja pia vitu ambavyo mpaka leo sijui mtoaji alikuwa anafikiri nini. Kuna aliyeleta viatu vya kike vya kisigino kirefu. Kuna aliyeleta koti la suti lisilo na suruali, na mwingine mapazia. Mama mchungaji alipokea kila kitu na kusema asante, akaniambia nikunje.

Siku ya tatu tulipita madukani. Mhindi mmoja aliyeuza nguo karibu na soko, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitutolea mablanketi ishirini ya kijivu. Tulishukuru mno. Kisha akaingia ndani akarudi amebeba jora zima la marekani, ile nguo nyeupe ya bei rahisi, akaliweka juu ya mablanketi.

Mama mchungaji akasema, "Bwana, mablanketi yanatosha. Hii ungewauzia watu wako."

"Chukua, mama."

"Ni nyeupe tupu. Watu wa shamba, kwenye tope lile, wataivaaje?"

Yule mzee alimtazama kidogo. "Mimi nilikuwa mtoto, kule kwetu ardhi ilitikisika. Nyumba zote chini. Wewe chukua tu, mama. Ukifika utajua."

Tulipotoka nje mama mchungaji alinung'unika kwamba angalau angetoa khanga. Lile jora tulilitia kwenye gunia na kulitupa sakafuni mwa lori, tukalikalia njia nzima.

Tulisafiri siku mbili na nusu. Mara mbili gurudumu lilizama na wanaume wakakata matawi kulitandikia. Nilikuwa nimejipanga nikifika nitapiga kelele za kuita jina la dada, lakini lori liliposimama Ilomba niliteremka nikaanza kushusha magunia. Enzi hizo Ilomba ilikuwa mashamba na nyumba za mbalimbali. Lori halikuweza kupanda zaidi. Watu waliteremka kutupokea, tukajitwika mizigo na kupanda kwenye ukungu mpaka shule ya kanisa, nyumba ndefu ya nyasi iliyojengwa mgongoni mwa kilima. Humo ndimo walimokuwa wamehifadhiwa waliopona.

Kabla ya kufika shuleni, ukungu ulifunguka kidogo na nikaona. Pale nilipopajua kuwa na migomba, njia na nyumba za jamaa, palikuwa na kidonda chekundu kuanzia juu mpaka mtoni. Wanaume walikuwa wanachimba humo. Wengine walichimba kwa mbao na kwa sufuria.

Jumbe alitupokea. Alikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Hakutazama mizigo kichwani mwetu, akauliza kwa Kisafwa, nami nikatafsiri.

"Mmeleta majembe?"

"Hapana, baba."

"Majembe yetu yako chini huko pamoja na wenyewe. Tunaazima kwa majirani. Mmeleta sanda?"

Nilipomtafsiria mama mchungaji neno hilo la pili, alikaa chini palepale juu ya mzigo wake. Nyuma ya shule walikuwa wamelazwa waliokwisha kupatikana, wamefunikwa mikeka na majani ya mgomba, na mikeka ilikuwa imekwisha. Harufu ilikuwa imeanza. Mama mchungaji alilitazama gunia lenye jora la yule mzee wa dukani. Akainuka, akalifungua, akaanza ncha ya marekani kwa meno na kuipasua. Tulipasua mchana kutwa. Mtu mzima mikono minane, mtoto mitatu. Wanawake wa pale walifunga na wanaume wakabeba.

Dada yangu nilimkuta ndani ya shule, ameegemea ukuta. Mtoto wake wa kike, mkubwa, alikuwa amelala miguuni pake. Mumewe alipatikana siku ya pili na alikuwa amekwisha kuzikwa. Mtoto mdogo, wa kiume, alikuwa hajapatikana. Nilipiga magoti mbele yake, akanishika uso kwa mikono miwili kama kipofu anayepapasa.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, dada."

"Umekula?"

Nililia hapo kwa mara ya kwanza tangu sokoni.

Asubuhi yake tuligawa vitu. Sasa nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi sikumweleza mtu. Wakati tunafungua mizigo, nilichagua blanketi moja, lile zito kuliko yote, nikalisukuma ndani ya kapu langu chini ya nguo zangu. Sikujiuliza mara mbili. Kule juu kuna baridi ya kukata mifupa, na dada yangu alikuwa amevaa gauni moja lililokauka mwilini. Nilijua akisimama kwenye foleni atapata kama wengine, lakini niliwaza kwamba hatasimama, na kweli hakusimama. Alikaa palepale ukutani akitazama mlango, akingoja habari za mtoto.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko mablanketi. Tuliwapa kwanza wenye watoto wachanga na wagonjwa. Mengine yote yaligawiwa, hata viatu vya kisigino. Mwanamke mmoja alivipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Hakuna aliyecheka. Nilitamani aliyevitoa angekuwepo.

Mwishoni kabisa alikuja bibi mmoja, mfupi, mgongo umepinda. Wanawe wote walikuwa wamefunikwa na udongo na alikuwa hana wa kumsimamia kwenye foleni, ndiyo maana alifika wa mwisho. Alinyoosha mikono.

"Mjukuu wangu, hakuna hata moja?"

"Yamekwisha, bibi."

"Hata kipande?"

Kapu langu lilikuwa nyuma yangu, hatua nne. "Yamekwisha, bibi," nikasema tena, nikampa lile koti la suti. Lilimfika magotini. Alishukuru, akaniombea baraka kwa Mungu, kwangu na kwa watoto nitakaowazaa. Akaenda kukaa karibu na mlango, kwa sababu ndani palikuwa pamejaa.

Jioni nilimfunika dada. Aliligusa lile blanketi, akalitazama pindo.

"Nimesikia mnasema yamekwisha."

"Nilikuwekea wewe."

Nilidhani atalivua. Hakulivua, alilivuta mpaka mabegani, akamwingiza na binti yake ndani yake, akafumba macho. Nilifurahi. Kwa kweli nilifurahi, nikalala.

Siku mbili baadaye yule bibi alianza kukohoa, na kifua kikambana. Mama mchungaji alimchemshia majani, akamsugua mafuta. Mimi nilimpelekea uji. Aliunywa kidogo, akaniita mjukuu wangu mara nyingine. Alikufa asubuhi, watu wanaamka, na lile koti likiwa mwilini. Wazee walisema ni kichomi, na kwamba kwa umri wake angekufa tu hata nyumbani kwake. Huenda ni kweli. Tulimfunga kwa kipande cha mwisho cha marekani, na kilikuwa kifupi, ikabidi kuunganisha na pazia.

Mchana wa siku hiyohiyo wanaume waliita kutoka bondeni. Walikuwa wamempata mtoto wa dada, chini ya mlango wa nyumba yao. Jumbe alikuja mwenyewe kumwambia. Dada aliinuka bila kushikwa, akateremka, nami nyuma yake. Alimwosha tope yeye mwenyewe kwa maji ya mtoni, kila kidole, kila sikio. Mwanamke mmoja akauliza sanda iko wapi, nami nikasema imekwisha. Safari hii ilikuwa kweli.

Dada aliondoa blanketi mabegani mwake, akalitandika chini, akamlaza mtoto katikati na kumkunja kama alivyokuwa akimkunja akiwa mchanga. Nikamshika mkono.

"Dada, utalala na nini? Ngoja nitafute khanga."

"Niache," akasema. "Ulisema ni langu."

Wanaume wakamshusha kaburini. Nilisimama pale nikitazama udongo ukiangukia lile blanketi la kijivu, na kilichonijia kichwani hakikuwa yule mtoto, Mungu anisamehe. Ilikuwa mikono ya yule bibi, ilivyonyooshwa. Blanketi lilikuwepo siku zote, na yule bibi sasa alikuwa kwenye kaburi la kando yake.

Tuliporudi Iringa niliambiwa nisimame kanisani nieleze. Nilieleza kwamba mizigo ilifika salama na watu wanashukuru. Nikaeleza kwamba nguo zimetosha, sasa wanahitaji majembe na mbegu za viazi, kwa kuwa msimu unapita na mashamba ya chini hayana wa kuyalima. Watu walinisikiliza vizuri. Baada ya ibada mwanamke mmoja alinijia kuuliza kama gauni lake la maua lilipata mtu wa kumpendeza. Mwingine aliuliza kwa nini hawakuandika barua ya shukrani. Siku ile ya kwanza baraza lilikuwa halipitiki. Mara ya pili tulikaa mimi na mama mchungaji tangu asubuhi na tukapata majembe sita, mawili hayana mipini. Mume wangu alichonga mipini. Yule Mhindi alitoa manne mapya na hakuuliza chochote. Mama mchungaji alimwambia, "Bwana, tulipofika tulijua." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa mteja wake.

Mbegu za viazi hazikupatikana. Majembe tuliyatuma na dereva, na jumbe alituma salamu kwamba yamefika.

Dada na binti yake waliletwa kwetu Mlandege mwezi uliofuata. Tuliwapa chumba kimoja, sisi tukabaki na kimoja. Alisaidia kazi, alikwenda kanisani, alijifunza kusalimiana na majirani kwa Kihehe. Siku moja tukiwa tunachambua maharage nilimwambia habari ya yule bibi, yote. Aliendelea kuchambua.

"Nilimwona kwenye foleni," akasema baadaye. "Nilijua na yeye hatapata. Nami nilijifunika."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Nyumba yetu ilikuwa ya mabati. Mvua ikianza, hata manyunyu, alikuwa anamshika binti yake mkono na kutoka naye nje, wakasimama uwanjani katikati, mbali na kuta, wanaloa. Majirani walimwita, mume wangu alimwita, hakuingia mpaka iishe. Mwanzoni nilimfuata nikamsihi. Baadaye nikawa ninawatolea kiti na kusimama nao.

Mwaka uliofuata dada alirudi Mbeya na binti yake. Hakupanda mlimani, aliomba kishamba kwenye tambarare ya Ilomba, akalima viazi na kuviuza mjini.