Kibla Changu cha Nyamwage

Mke wangu aliporudi kwao Nyamwage hakudai talaka. Alisema tu amechoka kuishi na mwanamume asiyejua kusema "sijui". Nikamjibu kwamba hilo si kweli, na kwamba sababu za yeye kuchoka nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe. Akafunga mzigo.

Nikabaki Kibiti najipikia, na sufuria yake kubwa ya pilau nikaiunguza hadi ikabadilika rangi. Ndipo nikasikia mama mkwe yumo kwenye kikundi cha kulinda msitu wa kijiji, na wanafundishwa mambo ya porini: kuwasha moto bila kiberiti, kutafuta maji, kutoka salama ukipotea. Nikafunga kibanda changu cha spea za bodaboda, nikaenda kuomba nafasi. Nilitaka mama anione nilivyo wa maana, apeleke habari nyumbani, nirudishiwe mke.

Siku ya kwanza mwalimu, bwana misitu mstaafu, alitufundisha kupekecha moto. Unasimamisha kijiti kikavu juu ya kipande cha mti laini, unakizungusha kwa viganja mpaka kitoe moshi. Wenzangu walipata moshi, mimi nikapata malengelenge. Nikawaeleza kwamba miti ya Nyamwage ina unyevu. Mama mkwe, ambaye moto wake ulishawaka kwa miti hiyo hiyo, aliinamisha kichwa tu. Mkwe na mkwe hawaumbuani.

Kesho yake tukagawanywa. Kundi langu lilikuwa mimi, yeye, na majirani zake wawili, wanawake wa makamo. Tuingie msituni, tupate maji, kisha tutoke wenyewe. Mwalimu alitupa neno moja: mkipotea shikeni mashariki, mtaikuta barabara ya Lindi.

Maji tuliyapata. Adhuhuri ikaingia jua likiwa utosini, na miti imetuziba kila upande. Kina mama wakaniuliza kibla, maana mwanamume ni mimi. Kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo anayekijua ameshaijua na mashariki, iko mkono wake wa kulia. Mimi sikukijua. Ningeweza kusubiri kivuli kirefuke kidogo, kama tulivyofundishwa. Badala yake nikanyoosha mkono bila kusita.

"Una hakika, baba?" mama mkwe akauliza kwa upole, macho yake pembeni.

"Bila shaka, mama."

Tukasali hapo penye mchanga, mimi mbele. Kisha tukashika mkono wa kulia wa kibla changu, tukatembea. Miiba ikatuzuia, tukaizunguka, ikatuzuia tena. Nikasema nasikia malori barabarani, ingawa hakuna mwingine aliyeyasikia. Tukapita mavi ya tembo yakifuka moshi, nikasema hayo ya zamani. Jirani mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti.

Alasiri tukatokea mahali pa wazi penye mchanga. Mchangani palikuwa na alama za vipaji vya nyuso, nne, moja imetangulia. Zilikuwa zetu. Na jua lilikuwa linateremka mbele ya alama hizo kabisa, kule nilikowaelekeza wasujudu. Nilikuwa nimemsalisha mama mkwe akielekea magharibi.

Hakuna aliyenicheka. Laiti wangenicheka. Niliogopa, nikaona aibu.

"Sasa twende wapi, baba?" mama mkwe akauliza, bado akitazama pembeni.

Jibu lilikuwa mdomoni, halinikosi kamwe. Lakini niliangalia miguu yake, imechanika kwa miiba niliyompitisha mimi.

"Mama, sijui."

Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunitazama usoni. Siku ile alinitazama. Akasema basi tushauriane. Tukashauriana wote wanne, tukaligeuzia jua mgongo, na kabla ya magharibi tukaikanyaga lami. Sala tuliirudia pale kando ya barabara, kibla akiwa amekionyesha muuza mahindi.

Siku chache baadaye mke wangu akashuka Kibiti na mzigo wake. Mama kamwambia nimejifunza neno jipya. Nilifurahi, nikaupokea ule mzigo. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria.

"Hii kaiunguza nani?"

"Sijui."

Akaniangalia, kisha akaiangalia sufuria.

"Hilo unalijua," akasema.