Nilikata maua yangu ya graduation nikayafunga kwa waru za mum, na sasa nimepata Masters

Wakuu, sasa. Nimekuwa humu ndani kwa miaka nikisoma kimya, nacheka na comments zenu na kuondoka. Leo siwezi kunyamaza. Nitawaambia kila kitu jinsi kilivyokuwa, hata zile sehemu zinazoniaibisha.

Kwanza habari yenyewe, kwa sababu nikiificha hadi mwisho nitapasuka. NIMEPATA MASTERS! Karo yote imelipwa, na pesa ya kujikimu juu yake. Mimi! Wa digrii ya Second Lower! Wa Mau Narok!

Haya, nikae chini niwaeleze vizuri.

Nilisomea kilimo. Siku ya graduation mum alikuja na akina mama wa kanisa, wakanivalisha yale maua ya karatasi ya kung'aa shingoni hadi kidevu kikapotea. Ya dhahabu, nyekundu, kijani, buluu. Tulipofika nyumbani mum akayatundika sebuleni kando ya picha yangu nikiwa na gown. Mgeni akiingia kwetu, kabla hata ya chai, anaonyeshwa ule ukuta.

Halafu kazi ikakosekana.

Hiyo story mnaijua, sitawachosha. Niliomba kazi, niliomba Masters, majibu yote yalianza na "we regret". Nikarudi nyumbani na begi moja, nikashika jembe.

Mum analima waru, yaani viazi. Kwetu, kama kwa majirani wote, ukivuna unauza zile kubwa, unakula za kati, na zile ndogo ndogo unazirudisha kwa udongo kama mbegu. Nyanya alifanya hivyo na mum anafanya hivyo. Nani atapanda waru kubwa na broka yuko kwa gate akiitaka?

Shida ni kwamba mmea mgonjwa pia huzaa waru ndogo. Kwa hivyo kila msimu tulikuwa tunachagua ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe, tunaupanda tena, halafu tunalaumu mvua.

Dawa yake nilifundishwa darasani. Waru zikitoa maua, unapita shambani, unaweka alama kwa mimea yenye afya, na siku ya kuvuna unaichimba kando. Hiyo ndiyo inakuwa mbegu yako. Basi! Nikamweleza mum, nimechangamka kama nimegundua moto.

Akaniangalia. "Wewe ulikula waru za hii mbegu, ukasoma nazo mpaka ukamaliza. Zilikukosea nini?"

Nilimsumbua hadi akanipa mistari michache kando ya fence, pale kwa mawe. "Cheza nazo hapo."

Nikaanza kuweka alama kwa vijiti. Kesho yake vijiti vyote vimeenda. Nani alivichukua? Mum, akapikia chai! Nikajaribu kamba ya gunia, lakini rangi yake ni ile ile ya udongo, mimi mwenyewe sikuiona. Nikaingia sebuleni kutafuta kitu kingine, nikainua macho kwa ukuta.

Nikachukua makasi.

Wakuu, hapo nilikosea, na nakubali. Sikumuuliza. Mum alitoka kanisani akakuta misumari mitupu. Hakupiga kelele. Alikuja hadi kwa fence, akaangalia waru zimefungwa vipande vya maua, zinang'aa kwa jua, akasema, "Hayo maua yalikuwa yangu." Akarudi ndani.

Wiki nzima aliniongelesha mambo ya chakula tu. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na regret zote pamoja. Nilidhani maua ni yangu kwa sababu yalikuwa kwa shingo yangu. Lakini aliyeyangoja miaka yote ile ni yeye.

Majirani nao hawakusaidia. Mzee Kiprono wa ng'ambo ya fence alisimama hapo akacheka mpaka akashika mgongo. "Msichana, nyinyi mmeanza Krismasi mapema?" Na kanisani mama mmoja akamuuliza mum polepole kama masomo hayajanilemea kichwa.

Lakini nilivuna. Nilichimba mmea mmoja mmoja, nikaandika kila kitu kwa kitabu changu cha zamani cha chuo, nikaweka mbegu yangu kando. Msimu uliofuata mum akaniruhusu kupanda shamba lenyewe. Hakusema kwa nini na sikuuliza. Nikapanda mstari wa mbegu yangu, mstari wa mbegu yake, hivyo hivyo hadi mwisho.

Waru zilipofika magotini, mistari ya mum ikaanza kunyauka. Saa sita mchana unaona mmea umelala chini na udongo bado una maji. Mistari yangu imesimama! Si yote, siwadanganyi, kuna mimea ilikufa pia. Lakini tofauti ilionekana hata ukiwa barabarani.

Asubuhi moja nikamkuta mum katikati ya mistari miwili, anaangalia huku, anaangalia kule.

"Hii laini ni ya nani?"

"Ni yako, mum."

"Na hii?"

"Ni ya yale maua."

Akaendelea kupalilia. Lakini jioni hiyo sahani yangu ilikuja na paja la kuku.

Wakati huo nilikuwa nimeomba Masters tena, mara ya mwisho. Shangazi yangu wa Gilgil alikuwa ameniwekea nafasi kwa duka lake, na tulikuwa tumekubaliana na mum kwamba hii ikikataa, naenda Gilgil kuuza dukani na maneno ya shule yaishe. Halafu nikaitwa interview ya online.

Sasa sikieni aibu yangu. Kwa CV nilikuwa nimeficha shamba. Kila mtu aliniambia usiache gap, yaani miaka mitupu bila kazi, kwa hivyo hiyo miaka nikaandika "Agribusiness Consultant". Tafadhali msinicheke, nawajua wengi wenu mko na yenu.

Network ya kwetu haiaminiki, kwa hivyo nilishuka Nakuru hadi mtaa wa Bondeni, kwa binamu yangu Njeri. Anauza mitumba hapo mlangoni kwake. Akatundika shuka nyuma yangu kuficha zile bale za nguo, akasimama nje kunyamazisha wateja.

Walikuwa watatu kwa screen. Profesa mmoja mama, nywele za mvi, akaanza moja kwa moja. "Naona wewe ni consultant. Clients wako ni akina nani?"

Njeri pale mlangoni akafunga macho.

Nikaona uongo wa pili utanimaliza kabisa. Nikasema, "Ni mmoja tu, Prof. Ni mum."

Basi nikafunguka. Waru ndogo ndogo, vijiti vilivyopika chai, makasi, yote.

"Ngoja," profesa akasema. "Ulifunga nini?"

"Maua ya graduation."

Akatoa miwani akacheka hadi akapangusa macho. Halafu akairudisha, na sauti ikabadilika. "Uko na records?"

Nikainua kitabu mbele ya camera, matope na yote. Mwenzake akauliza nimejuaje kwamba ni mbegu iliyoleta tofauti na si udongo tu.

"Nilipanda mstari kwa mstari, sir. Lakini ni shamba moja, msimu mmoja. Kwa shamba la mwingine sijui. Hiyo ndiyo nataka kuja kujua."

Profesa akaandika kitu. Mambo ya consultant hayakutajwa tena.

Email ilinikuta na mum tukichagua waru nje ya store. Niliruka nikapiga nduru mbwa akatoroka! Mum akapangusa mikono kwa leso, akaingia ndani. Nikajua ameenda kulia.

Akatoka na mfuko. Maua ya kung'aa, mapya, ya kila rangi. Alikuwa ameyanunua Nakuru wiki mbili mapema, kabla yeyote hajajua jibu. Nikainama anivalishe.

Akanisukuma kichwa. "Toka hapo. Haya ni ya waru. Yako tutanunua siku yako ikifika."

Wakuu, nililia.

Nilichojifunza ni hiki. Ile miaka niliyoionea aibu ndiyo waliyotaka kusikia, na mimi nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu. Pia, kabla ya kushika makasi, uliza mwenye maua.

Mzee Kiprono alikuja jana kuomba vipande vya maua vya kufunga kwa waru zake. Mum amemwambia apange foleni.

Sasa wewe ambaye bado unatafuta, niambie hapa chini bila aibu: ni kitu gani umefuta kwa CV yako?