Mbabula Yetu Kituoni

Miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa inakufa hapa Likasi, baba alikamatwa kwa ajili ya mbabula, jiko letu la makaa, eti bati lake liliibwa kiwandani. Polisi wakaichukua kuwa ushahidi. Mama alitaka baba aungame yote, kama kwa padri. Nilikasirika. Aungame nini, na aliinunua sokoni Kikula mbele ya watu wote?

Wakili wetu alitueleza polepole: "Mama, habasemi aliiba. Banasema aliweka kitu cha wizi. Sasa baonyeshe kwamba alijua. Kuwa nayo tu haitoshi."

Tukaenda naye kituoni. Mbabula ilikuwa inawaka uani, na mkuu wa kituo anachoma mahindi juu yake.

"Chef," wakili akamuuliza kwa upole, "hii bati ilitoka wapi?"

"Miye nitajua wapi? Nilikuta iko hapa, ninachoma tu."

"Basi andika vile vile, Chef. Na muteja wangu anasema hivyo."

Mkuu alicheka hadi machozi, akamfungulia baba papo hapo. Mama akazungushia mikono kitenge, akaibeba mbabula ingali moto, na mahindi juu yake. Tuliyala njiani, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi.