Tano kwa Tano za Mama Mutie

Mbinya, ambaye Kikima nzima ilimwita Mama Mutie, hakuwahi kumwambia mgeni neno baya akiwa ameketi. Si kwamba hakuwa na maneno mabaya. Alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini alilelewa hivi: mgeni akiwa ndani unamsifu, unamjazia chai, unacheka akichekesha na asipochekesha. Ukimsindikiza, mkifika njiani, hapo ndipo unapomwambia lililokukaa rohoni. Watu wazima wote wa Mbooni waliishi hivyo, wala adabu hiyo haikumtia mtu hasara mpaka ilipokuja kompyuta.

Ililetwa mwaka wa tisini na saba na mradi wa wafadhili, ikawekwa chumba cha nyuma cha ushirika wa wakulima, jenereta ikinguruma nje. Ndani yake, eti, mlikuwa na kila kitu kilichowahi kuandikwa juu ya kilimo na mifugo. Mkulima anaandika swali, mashine inapekua, ukurasa unaofaa unatokea. Haya, vizuri. Lakini karani wa ofisi ya mifugo alikuwa amedokeza kwamba wakulima wakiridhika na mashine hiyo, Mbuvi, daktari wa mifugo, angehamishwa. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na penye kompyuta mtu na pikipiki wa nini?

Mama Mutie aliposikia hayo alikosa usingizi. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa mengi, na huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa karo ya Mutie, sukari ya nyumba na sadaka ya Jumapili. Ng'ombe huyo sasa alikuwa na mimba ya pili. Ndama wa kwanza alikuja vibaya, matako mbele, na ni mkono wa Mbuvi uliomwokoa. Tangu siku hiyo Mama Mutie alimwombea Mbuvi kanisani kwa jina na kwa sauti, jambo ambalo mke wa Mbuvi hakulipenda hata kidogo.

Basi akaja Muthama kutoka Nairobi kuipima mashine. Mzaliwa wa Mbumbuni huyu, Mkamba kama wao, ila alikuwa amesoma sana. Alihutubia wakulima kwamba siku hizi mtumiaji ndiye mfalme, na kwamba yeye amekuja kusikiliza tu. Kisha akatoa saa ya kupimia mbio.

Zamu ya Mama Mutie ilipofika, aliketi akaisalimu mashine kwanza. Utamvamiaje mtu na swali kama polisi? Akaandika kwa kidole kimoja kwamba hamjambo huko, yeye ni Mbinya, mjane wa Nzioka wa hapa Kikima, wote wazima isipokuwa baridi, na alikuwa anauliza, ndama akija matako mbele afanyeje. Mashine ikapekua yote, neno kwa neno. Ikamletea salamu za mwaka mpya za mwenyekiti wa bodi fulani ya pamba, sheria ya urithi wa wajane, na jinsi ya kukinga viazi na baridi. Ndama hakuwemo. Jirani yake Nzuki, aliyeanza kwa kumshukuru Mungu, aliletewa sala ya kufungua maonyesho ya kilimo.

Muthama akauliza ameridhika kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano. Mgeni alikuwa ameketi, na kikombe cha chai mkononi. Mama Mutie angesema nini?

"Tano," akasema.

Wote walisema tano. Kisha wakasimama pamoja kumsindikiza mgeni, kila mmoja na lake mdomoni, Mama Mutie mbele kabisa, jina la Mbuvi likimwasha ulimi. Muthama akawapa mikono, akaingia kwenye Landirova pale pale mlangoni, akaondoka. Wakabaki kulisindikiza vumbi.

Ripoti ilisema watumiaji wameridhika kabisa. Mbuvi akapelekwa mbali, upande wa Kalamba, yeye na pikipiki yake.

Ng'ombe akashikwa na uchungu asubuhi moja ya mvua, na ndama akaja matako mbele. Mama Mutie aliingiza mkono wake mwenyewe, akalia, akaomba, akaingiza tena. Nzuki alikimbilia ushirika, akakuta jenereta haina mafuta. Kufika adhuhuri ng'ombe alikuwa amekufa, na ndama tumboni. Mama Mutie aliketi matopeni, akalia kama amefiwa, maana alikuwa amefiwa.

Baada ya mavuno Muthama alirudi kuwagawia kalenda watumiaji bora. Mama Mutie alimwandalia chai, akaisifu kalenda, akacheka palipohitajika. Mgeni alipoinuka, alimwambia dereva atangulie na gari hadi barabarani, akamshika Muthama mkono wa koti, wakatembea.

"Ile tano ilikuwa ya nyumbani," akasema. "Ya njiani ni hii. Mashine yako haikunijibu kitu, na ng'ombe wangu amekufa kwa sababu mlimwondoa Mbuvi."

Muthama akasimama. Uso ulimbadilika, na kusema kweli alihuzunika.

"Pole sana, mwaitu, mama yangu," akasema. "Lakini mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia wapi, mwanangu? Ulipanda gari."

Akauachia mkono wa koti, akageuka kurudi nyumbani. Barabara bado ilikuwa mbali, na mgeni akaimalizia peke yake.