Shomari na Msiba wa Wangoni

Mtu akiniuliza Shomari ni nani, namwambia ni fundi wa barazani kwangu, basi. Mimi nauza uzi, zipu na vifungo kwenye duka aliloniachia marehemu baba yangu, mtaa wa nyuma kidogo ya soko la Kariakoo, na Shomari ameweka cherehani yake barazani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Zamani alikuwa akiniamkia kwa kelele na kunigombeza nikichelewa kufungua. Siku hizi hata kugombeza anachoka. Mgongo umempinda, miwani ameifunga kwa uzi wangu, na kwake Buguruni vyumba viwili vimejaa watoto waliooa, wakaachana, wakarudi na watoto wao. Anasema anakuja Kariakoo kupumzika. Kariakoo hii, yenye spika za machinga zinazoimba bei ya soksi tangu asubuhi!

Pembeni yake iko cherehani ya Ignasi. Shomari ni Myao wa Tunduru, Mwislamu. Ignasi ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki asiyekosa misa. Wayao na Wangoni ni watani, lakini sisi wenye asili ya Uarabuni hatuna mambo hayo, kwa hiyo walipoanza kukaa pale nilidhani nimejiletea maadui wawili.

"Wewe Mngoni, babu yako alitembea nchi nzima kuja kuiba kuku wa babu yangu."

"Kuku gani? Babu yako aliona ngao tu, akaingia shimoni. Mpaka leo wengine hamjatoka."

Siku moja nikawaita ndani, nikawapa kahawa, nikawaambia hapa ni dukani kwa watu wa heshima, ugomvi wao wauache kwao. Walitazamana, wakacheka mpaka Ignasi akamwaga kahawa kwenye suruali ya mteja. Ndipo nikaelezwa kwamba mtani hatukani, anatania, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Nikazoea, kisha nikapenda. Kwa bibi wa umri wangu raha si nyingi. Wanangu wako Maskati, wananipigia simu ya video na kunionyesha friji mpya. Mimi raha yangu ilikuwa jioni, muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, kashata mkononi, na wale wawili wakichambana huku cherehani zinakwenda.

Na mchana alikuja Candida, mke wa Ignasi, na hotipoti ya chakula. Walikaa Gerezani, mtaa wa jirani, kwa hiyo alikuja kwa miguu, mwanamke mnene, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Hakuwahi kusema karibuni. Alisema, "Ignasi, unamngoja nani? Chakula kinapoa, na mimi sipashi moto mara mbili." Ignasi naye siku zote alijibu, "Nakuja, mama, namalizia pindo." Shomari alikuwa ameshanawa zamani, maana sahani yake ilikuwamo humo humo.

Candida alifariki mwaka huu, ghafla, presha, akiwa anaanika nguo. Tulimzika. Ignasi hakulia, na hilo ndilo lililotutisha. Hakulia, hakusema neno, hakula. Alikaa kwenye mkeka uani kwao, mgongo ukutani, akipewa uji anaushika mpaka unapoa, halafu anamrudishia mwenyewe. Na ni mtu wa sukari, alishaonywa asikae na njaa.

Siku ya tatu binti yao Clotilda akaja dukani, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba amekula?"

"Hajala. Dawa nazo hataki. Nimemfuata mzee Shomari." Akamgeukia. "Mzee, jana ulikuja ukakaa nyuma kabisa, ukaondoka. Watu wanauliza mtani yuko wapi."

Katika misiba ya watu wa kusini mtani ana kazi yake. Ndiye anayekimbia na sufuria la wali, anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, mpaka wanaolia wacheke na waliogoma kula wale. Ameruhusiwa kufanya lolote, isipokuwa kulia. Mtani akilia kwenye msiba ameuharibu, na watani wake watamdai kuku maisha yake yote.

Shomari hakuinua kichwa. "Clotilda, mwanangu, nimechoka. Sina utani mwilini. Tafuteni Myao kijana."

Nikapandwa na hasira. "Myao kijana anamjua Ignasi? Chakula cha yule mama umekula wewe miaka yote, leo ndiyo umechoka? Nani hajachoka hapa? Mimi magoti yananiuma tangu Ramadhani, na sasa hivi nafunga duka, tunaenda wote."

"Bi Mauza, siwezi. Kweli siwezi."

"Utaweza huko huko."

Njiani alinitia wazimu. Kila duka la spea alisimama akatazama, utadhani ana gari. Tulipofika barabara ya mwendokasi akaacha mabasi yapite, na yalipokwisha akaendelea kusimama. Nikamshika mkono kama mtoto, nikamvusha.

Uani watu walikuwa wameketi chini ya turubai, wanawake wakipika pembeni. Ignasi alikuwa pale pale ukutani. Alikuwa amepungua hata kola ya shati ilimpwaya. Shomari hakumsalimia. Aliingia ndani na Clotilda, akakaa sana, na alipotoka alikuwa amevaa gauni la kitenge la Candida, lile Ignasi alilomshonea Krismasi, na kilemba kichwani, na hotipoti mkononi. Gauni lilimmeza. Wanawake jikoni wakaanza kuguna na kusukumana.

Akatembea mwendo wa Candida, mkono kiunoni. Akawagombeza wanaume waliokuwa wakicheza karata, akamwambia mmoja miguu yake inazuia upepo. Watu wakacheka. Nikaona kumbe anaweza, uchovu wote ule ulikuwa maneno tu. Akafika mbele ya Ignasi.

"Ignasi, unamngoja nani? Chakula kinapoa, na mimi sipashi moto mara mbili."

Ilikuwa sauti ya Candida yenyewe. Ignasi akainua uso, macho hayatazami mtu, akajibu kwa sauti ndogo, "Nakuja, mama, namalizia..." Akatazama mikono yake. Haikuwa na kitu.

Hapo ndipo mtani alipotakiwa kutupa neno la kuchekesha, na sote tulilisubiri. Shomari alifungua mdomo, akaufunga. Akakaa chini na lile gauni, akalia. Hakulia kiutu uzima, kwa kujifuta pembeni. Alilia kwa sauti, kilemba kikimwangukia machoni.

"Ah! Mtani analia!" mzee mmoja akasema, na wengine wakaanza kunung'unika. Nilijuta. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyemburuta mtu aliyeniambia hawezi, nikadhani ni uvivu wa uzee.

Ignasi alimtazama. Kisha akakohoa.

"Nyie, mwondoeni huyu Myao," alisema, sauti imekwaruza. "Mke wangu hakuwa analia ovyo hivi. Na hayo makamasi kwenye gauni nililoshona mimi, nani atayafua?"

Ua ukalipuka. Wanawake walicheka huku wanalia, mwiko ukaanguka mchangani.

"Kuku wangu namtaka," Ignasi akaendelea. "Tena jogoo. Tena nimchague mwe..." Neno likamkatikia, na kilio alichokizuia tangu siku ile kikamtoka chote. Akamvuta Shomari kwa kola ya gauni, wakalia pamoja, wazee wawili, vichwa vimegusana. Clotilda alitaka kwenda. Nikamshika, nikamwambia waache.

Walipotulia, Shomari akafungua hotipoti, akamega tonge la ugali, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akalipeleka kinywani kwa mwenzake. Ignasi alikula. Alitafuna polepole, akameza, akapokea la pili. Kisha akausukuma mkono wa Shomari na kumtazama usoni.

"Na wewe? Umekula lini?"

Shomari akatikisa kichwa. Siku zote zile hakuna aliyekuwa amemwuliza, hata mimi niliyekaa naye baraza moja. Ignasi akanawa mkono, akamega tonge, akamlisha.