Shavu la Kushoto la Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na swali moja kwa kila kitu kilichotaka kugusa ngozi ya mtu: "Ndani yake mna nini?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukasirika kabla hajajibiwa. Ukibabaika tu, umeumia, kitu chako hakiingii chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, nyumbani kwetu Kashozi, na ndani yake alikaa dada yangu akisubiri kuolewa. Kwetu Wahaya, msichana aliyeposwa aliwekwa ndani asipigwe na jua, akalishwa hadi mashavu yakajaa, akapakwa siagi ya ng'ombe asubuhi na jioni. Kazi hiyo ni ya shangazi, na wetu alisifiwa kwayo mpaka Kaagya. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, duka la kijiji lina rafu ndefu na sabuni hamna. Watu walijipaka walichopata: mafuta ya kupikia, mawese, na wengine sijui hata walijipaka nini, maana walinuka gereji. Shangazi hakuyumba.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi kusukasuka kibuyu cha maziwa kulikuwa kazi yangu. Kabla sijaanza, alikinusa kibuyu. Kama hakikufukizwa moshi vizuri, nilirudia, nilie nisilie. Siagi ikitoka, aliionja kwa ncha ya ulimi, akajipaka kidogo ndani ya kiwiko chake, akasubiri hadi kesho yake. "Sipaki mtoto wa mtu kitu nisichoweza kukitia mdomoni mwangu," alisema. Siku moja jirani alituletea siagi ya njano iliyokolea, mpaka nikaimezea mate. Shangazi akamuuliza ng'ombe wake walikwenda josho lini. Jirani akasema jana. "Na dawa yote ile ya kupe migongoni mwao! Basi kampake mumeo," Shangazi akamwambia. Jirani akaenda zake anacheka, maana nani angeweza kumnunia yule mwanamke? Nilimwona mkali kupita kiasi, na papo hapo nilitamani kuwa yeye.

Taabu ilikuja na neno moja. Mama wa bwana harusi alitoka kwao Muleba kuja kumjulia hali mkwewe. Wakati wa kuaga, Shangazi akiwa jikoni anamfungia mgeni ndizi za njiani, mama yule alimshika dada mkono akamwambia kwa Kihaya kwamba siku ya harusi anataka kumwona "kwera". Sasa, kwera ni kuwa mweupe, kama karatasi au maziwa. Dada yangu alikuwa amesoma kwa masista, Kihaya chake kimepita darasani kikatoka kimenyooka kama rula, akasikia hilo moja tu. Na mimi nikasikia hivyo hivyo.

Dada yangu ni mweusi tii. Alilia mchana kutwa. Shangazi alipomuuliza ana nini, alisema tu, "Wanataka mweupe," akageukia ukutani.

Haukupita muda, rafiki yake wa shule akaingia na kipande cha sabuni amekifunga kwenye kitenge. Kilikuja kwa magendo kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa mitumbwi ya samaki, kikapitia kisiwa cha Bumbire. Kwenye karatasi yake palichorwa mwanamke wa Kizungu anacheka.

"Ndani yake mna nini?" Shangazi akauliza.

"Mna uzuri, Shangazi."

"Uzuri unakamuliwa kwa ng'ombe gani?"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Dada hakucheka. Alisimama, shuka limemdondoka begani, akasema maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia Shangazi: "Wakinirudisha kwa ajili ya weusi wangu, utakwenda kuolewa wewe badala yangu? Aibu itakuwa ya nani?"

Mawe, mama wee! Nilitaka ardhi ipasuke. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, aliweka mkono mdomoni. Shangazi alimtazama dada, na nikaona hasira inamtoka usoni, kitu kingine kinaingia. Nadhani ndipo alipojua mtoto anaogopa kweli.

"Lete," akasema. "Nitaanza mimi." Akakunja mkono wa gauni kutafuta kiwiko.

"Kiwiko si uso," dada akasema. Kiburi gani kile!

"Haya. Uso."

Hapa lazima niseme kuhusu uso wa Shangazi. Alikuwa mjane, umri umeenda, lakini akipita penye wanaume wanaokunywa rubisi, mzee mzima aliweka kofia yake sawa. Alijua, na alifurahia. Sura yake ndiyo ilikuwa tangazo la kazi yake. Akachukua ile sabuni na kuanza kunawia shavu la kushoto peke yake, asubuhi na jioni, saa zile zile alizompaka dada siagi.

Mwanzoni shavu lililainika, likapauka, likawa rangi ya chai ya maziwa. Dada alipiga vigelegele humo ndani. "Umeona, Shangazi? Umeona?"

"Bado sijaona," akajibu. "Ngoja litoke nje."

Kahawa ikaiva. Shangazi akakaa uani juani kama kila mwaka, anageuza kahawa kwenye mikeka. Shavu la kulia likavumilia, kwani lilishazoea jua. La kushoto likawasha, likavimba, likatoa malengelenge, likabambuka. Usiku hakulilalia. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa ya kupaka na kumkataza kabisa ile sabuni. Lilipopona liliacha baka la rangi ya ndizi iliyobonyezwa, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Halikuondoka tena maisha yake yote.

"Sasa nimeona," Shangazi akasema. Akaitupa sabuni chooni, akanawa mikono, akarudi kumpaka dada siagi. Hakumsema hata neno. Afadhali angemsema! Dada alikuwa akipakwa machozi yanamtiririka, na siagi na machozi, mnajua, havishikani. Lakini hofu yake ilibaki pale pale. Alikuwa anakwenda Muleba na weusi wake wote, na hakuna tena cha kufanya.

Siku ya harusi Shangazi alimsindikiza, kama desturi inavyotaka, nami nikabeba kibuyu cha siagi. Tulipanda lori, tukateremka kwenye kibanja cha wakwe, migomba pande zote, wanawake wanaimba. Watu walimwangalia Shangazi wakamwangalia tena. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Huyo ndiye mpakaji?" Nilitamani kumng'ata. Shangazi alitembea wima, wala hakugeuza shavu.

Dada akakalishwa mkekani, amefunikwa nguo kichwani. Mama mkwe akaja akaifunua. Akamtazama paji la uso, mashavu, shingo, mikono, weusi ule unang'aa kama chungu kipya kilichopakwa mafuta. Nikafumba macho.

Nikalisikia neno lile lile. "Kwera!" mama mkwe alisema, sauti imejaa furaha, akawageukia watu wake: mwoneni mwana wangu alivyotakata, hana doa.

Kutakata. Loo! Safi, hana doa. Kwera ni hilo nalo, kila bibi kikongwe wa Kihaya anajua, na ndicho kitu pekee alichokitaka mama mkwe tangu siku ile ya kwanza.

Bibi harusi hatakiwi kusema wala kuondoka mkekani. Dada aliondoka. Alikwenda kwa magoti mbele ya watu wote hadi alipokaa Shangazi, akafuta siagi kwenye shavu lake mwenyewe kwa kiganja, akaipaka kwenye lile baka, polepole, kuanzia chini ya jicho. Nyimbo zikakatika.

"Acha kupoteza siagi, wewe," Shangazi akasema. Lakini hakuuondoa ule mkono.