Jina Lililopitia Waya wa Simu

Mwezi uliopita nilirudi Nyaramba nikakuta vijana wenye sululu wakichimba mtaro kando ya barabara ili wapitishe faiba ya intaneti. Waya wenyewe, mweusi na mwembamba kuliko kidole changu, ulizungushwa kwenye gurudumu kubwa la mbao lililoegeshwa palepale nyanya yangu alipokuwa na mikaratusi yake. Niliutazama mpaka kijana mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza. Mwishoni mwa miaka ya tisini, simu ya kwetu ilikuwa moja tu, kwenye kibanda mbele ya posta, na mvua ilipoangusha mti juu ya nyaya, kibanda kikabaki mahali pa kujikinga na mvua. Nyumbani kwa nyanya kulinukia moshi na chinsaga, mboga chungu aliyoipika kwa maziwa kwa moto wa polepole. Kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa kuichambua jani kwa jani.

Jioni moja nilikuwa kwenye kazi hiyo mwalimu wetu alipoingia uani na karatasi kutoka mjini. Baba mdogo, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa akisoma ng'ambo, na mwalimu alikuwa amempa anwani ya duka moja la Kisii lenye kompyuta iliyopokea barua kupitia simu. Mwalimu akatusomea. Baba mdogo amepata binti. Hospitali inataka jina kabla ya kuwaruhusu mama na mtoto kwenda nyumbani, na lisipofika kutoka kwetu, wataandika lolote.

"Lolote," nyanya akarudia, kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

Kwetu mtoto huchukua jina la mtu wa ukoo aliyefariki, na upande wa baba ndio huchagua. Babu hakuwepo tena. Kazi ilikuwa ya nyanya.

Asubuhi akafunga kitambaa chake cha kanisani, akabeba ndizi mbivu, akanichukua hadi Kisii nikamsomee kitakachoandikwa. Hakutaka kudanganywa na mashine.

Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisii, na Ekegusii chake, lugha ya kwetu, kilikuwa safi kuliko changu. Aliuza vitambaa na nyuzi. Kompyuta ilikaa nyuma ya kaunta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mgeni wa heshima. Alipoiunganisha na simu ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikalia.

"Ina njaa?" nyanya akauliza.

"Inatafuta Nairobi, mama. Sema jina."

"Kwanza msalimie mtoto."

Akaanza. Watu wa nyumbani hawajambo, ng'ombe amezaa, mahindi yametoa ndevu, shangazi wa kwanza amepona mguu. Kabla hajamfikia shangazi wa pili, laini ikakatika na maneno yote yakapotea. Mwenye duka akapiga tena. Nyanya akaanza tena kwa watu wa nyumbani, maana kwake salamu iliyokatika huanzwa upya. Safari hii laini ikakatika kwenye mahindi.

"Mama, leo tutume jina tu. Salamu nitazituma kesho."

"Mbwa ndiye huitwa jina tu. Mtoto huambiwa kwanza yeye ni wa nani."

"Hii laini itatuua."

"Basi ife yenyewe."

Mwenye duka akaweka simu chini. Kisha akachomoa waya. "Haya. Sema yote. Nitaandika simu ikiwa imelala, na sipigi mpaka umalize."

Nyanya akavuta kiti. Wateja wakaanza kujipanga. Fundi cherehani aliyekuja kununua uzi akasema, "Niwekeeni na zangu, hata kama hanijui," nazo zikawekwa. Mwisho kabisa likaja jina: Bosibori, mama yake babu, aliyelima shamba letu lilipokuwa bado msitu. Nikasoma yote kwenye kioo, nikamwambia nyanya hakuna kilichoachwa. Simu ikapigwa, na kufumba na kufumbua barua ikaenda.

"Imefika?"

"Imeondoka, mama."

"Sikuuliza hivyo."

Tulikaa pale mpaka duka likafungwa, tukinywa chai yake ya tangawizi na kula ndizi zetu. Jibu halikuja. Siku zilizofuata nyanya alichuma majani chai uso wake ukielekea njia ya mwalimu.

Hatimaye mwalimu akateremka mlima nusura aanguke, karatasi mkononi. Baba mdogo alikuwa ameandika: "Anaitwa Bosibori. Tulimsomea salamu zote mpaka muuguzi akauliza kama tunasali."

"Mngemwambia ndiyo," nyanya akasema, akageuka kufuta macho kwa kitambaa.

Nyanya ametangulia, na mwenye duka pia. Duka sasa linauza makava ya simu, na hakuna anayemngoja mtu na karatasi. Nawashukuru wote wawili: yeye aliyekataa kufupisha, na yule aliyechomoa waya ili amsikilize.

Siku ile ya mtaro nilimtumia Bosibori picha. Alijibu kabla sijarudisha simu mfukoni. Hakuuliza kitu kuhusu faiba. Aliuliza watu wa nyumbani, mmoja mmoja, akamalizia na mahindi na ng'ombe. Ng'ombe hatunaye tena siku hizi. Nilikaa juu ya jiwe kando ya mtaro, nikamjibu yote kwa mpangilio uleule.